Njia ya Kivaa Mpya
Kwa miaka ishirini, vijana wa mtaa wa Mumbuni waliocheza ule mchezo wa video wa mashujaa walimuuliza njia Makau, fundi wa redio. Jangwa gumu la mchezo huo walilibatiza Kivaa, jina la eneo kame la kwao.

Sasa mchezo umetengenezwa upya, na kundi lao la WhatsApp halitulii. Nzembi analalamika kwamba shujaa amepewa sauti ya mhubiri. Mutuku anasifu mshale mpya pembeni mwa skrini, unaoonyesha njia.

“Mzee Makau, sasa hatuna kazi na wewe,” akamtania.

Makau akaweka simu chini, akaichukua tena. Ndipo Nzembi akaandika, “Mshale umenitumbukiza kisimani mara tatu. Makau, Kivaa tunapitia wapi?”

Akaanza kujibu, akafuta. Katika mchezo huu mpya, hata yeye hakujua. Akauwasha mchezo, akauziba mshale kwenye skrini kwa kipande cha utepe mweusi wa umeme, akaingia jangwani kuitafuta njia.