Mwanafunzi wa Bwana Willem

Kaanaeli Sumari alitia saini mara mbili, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba hajui kazi aliyokuwa akiwafundisha wenzake. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Usa River, tena si mjinga hata kidogo. Kilichomponza ni adabu.

Kazi yenyewe ni kubebesha mawaridi. Unachukua shina la waridi mwitu, unalichanja gome, unachomeka jicho la waridi la biashara, unafunga kwa utepe, halafu unasubiri wiki tatu uone kama limeshika. Mkono ukitetemeka, jicho linakufa. Kaanaeli alijifunza kubebesha kwa baba yake, aliyefanya kazi hiyo kwenye michungwa ya setla. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wawekezaji walipoanza kusimamisha nyumba zao za plastiki kando ya barabara ya Moshi, yeye alikuwa wa kwanza kuingia kitaluni.

Mwaka 1993 akaletwa Bwana Willem kutoka Uholanzi, kijana mpole wa miaka ishirini na saba, mwenye diploma. Kibali chake cha kazi kilisema ni mtaalamu wa kubebesha mawaridi, ujuzi usiopatikana nchini. Usiopatikana, na mwenye ujuzi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, kisu mkononi. Sheria ilitaka mgeni wa namna hiyo awe na Mtanzania wa kumfundisha, ili siku moja amwachie nafasi. Meneja utumishi, Godbless, Mchaga wa Machame aliyependa mafaili yaliyonyooka, akaandika jina la Kaanaeli mahali pa mwanafunzi.

Katika macho mia ya kwanza ya Bwana Willem, yalishika thelathini. Alikuwa akiacha vijiti vyake vya kutolea macho kwenye ndoo wazi, na upepo mkavu unaoshuka Meru ulivikausha kabla hajavifikia. Kaanaeli akamwonyesha kuvifunga ndani ya maganda mabichi ya mgomba. Safari iliyofuata yakashika tisini. Kijana alishukuru sana, akaomba afundishwe na mengine. Akafundishwa, Kiswahili kikiwemo.

Kila baada ya miaka miwili kibali kilipoisha, afisa kazi alikuja kuuliza kama mwanafunzi amefuzu. "Mama, kazi umeshaijua?" Sasa, mtu aliyelelewa vizuri hajibu swali kama hilo kwa kujipigia debe. Mpishi akisifiwa pilau, mwalimu wa kwaya akisifiwa kwaya, jibu ni moja.

"Tunajaribu tu," Kaanaeli alisema. "Bado tunajifunza."

Afisa akaandika kwamba bado anajifunza, Godbless akasogeza kalamu, na mama wa watu akasaini karatasi ya Kiingereza asichokisoma. Ilikuwa hivyo mwaka 1995, na ikawa hivyo hivyo 1997.

Mwaka 1999 Godbless aliona apunguze usumbufu. Akampa fomu mapema, aisaini kabla afisa hajaja. Kaanaeli akaenda nayo nyumbani, akampa binti yake Anjela, wa kidato cha tatu, amsomee huku yeye akimenya ndizi.

"Mama, hapa wanasema miaka sita umefundishwa na umeshindwa kufikia kiwango."

Kisu kikasimama. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Alirudisha fomu asubuhi bila saini.

"Mama Anjela, usitafute makuu," Godbless akamwambia. "Kibali kikikwama, wa kwanza kuondoka shambani hapa ni wewe. Kwani kazi huitaki?"

"Naitaka. Nataka ile ya kwake."

Alhamisi wakakaa ofisini wote, Godbless, Bwana Willem, Kaanaeli, na afisa kazi mpya, Bi Hedwiga, mwanamke wa makamo aliyekuja na fomu nyingine tupu. Akauliza swali lile lile. Ulimi wa Kaanaeli ulitaka kushika njia yake ya zamani. Akauzuia.

"Naijua," akasema. "Naijua tangu huyu hajaanza shule."

Godbless akakohoa. "Ana maana kwamba..."

"Maana yangu ni hiyo hiyo niliyosema."

"Cheti unacho?" akauliza Bi Hedwiga.

"Cheti sina. Nina nyumba namba tatu, mawaridi elfu kumi na mbili, yote nimebebesha mimi. Twende ukahesabu yaliyokufa."

Bi Hedwiga hakuinuka. Alimgeukia Bwana Willem. "Na wewe, mtaalamu, kazi unaijua?"

Willem akawa mwekundu. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kitaluni, alikipata kwa Kaanaeli pamoja na adabu zake. Akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofundishwa.

"Tunajaribu tu," akasema. "Bado tunajifunza."

Godbless alifunga macho. Bi Hedwiga akaandika jibu hilo, kisha kalamu ikasita. "Fomu hii haina mahali pa kuandika kwamba mwanafunzi ndiye anayemfundisha mwalimu."

"Geuza karatasi," Kaanaeli akamwambia. "Nyuma ni nyeupe."

Akaigeuza. Aliandika kwa Kiswahili, akasoma kwa sauti tangu mwanzo, na safari hii Kaanaeli alisaini majina yake yote.

Miezi miwili alikwenda kazini kila asubuhi akidhani ndiyo ya mwisho. Halafu jibu likaja. Bwana Willem aliongezewa miezi sita tu, ya kukabidhi kazi, na mkuu wa kitalu awe Kaanaeli Sumari. Willem mwenyewe alifurahi, akasema miezi hiyo itamtosha kujifunza alichobakiza. Godbless aliileta barua kitaluni, mbele ya wanawake wote, akatoa na mkono.

"Hongera, Mama Anjela. Kumbe kazi unaiweza."

Wanawake wakamgeukia Kaanaeli. Lile jibu la siku zote lilimjia, likafika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Naiweza," akasema. "Sogea kidogo, Meneja, unanizibia mwanga."