Mkuu wa Shule na Pawa Saplai ya Wati Mia Saba

Nina majivuno yangu, na hili sitalificha.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya mezani ya shule yetu huku Ziwani ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Humo ndani kulikuwa na mitihani yote ya majaribio ya kidato cha nne. Nilikuwa nimeichapa mwenyewe kwa wiki tatu, na nakala sikuweka popote. Kosa langu, silikatai. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mtihani ulianza Jumatatu.

Mkuu wa shule alisema kilichoungua ni pawa saplai, lile boksi la chuma linaloipa kompyuta umeme. Hapo alipatia. Nikamsihi aende dukani na lile lililoungua ili alinganishe. Akaniambia, "Mwalimu, unanipa mzigo wa bure." Ijumaa akarudi kutoka Mtwara mjini na boksi zito kama tofali.

"Wati mia saba! Hii haiungui tena."

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Boksi halikuenea kwenye nafasi yake. Plagi yake kubwa ilikuwa na matundu ishirini na manne, na kompyuta yetu, mtumba wa Ulaya, ilitaka manane. Mkuu akatoa hukumu kwamba kompyuta ndiyo mbovu.

Nilikasirika. Mimi ni binti wa mkulima wa korosho. Kwetu gunia halisifiwi kwa unene wake. Ghalani mkaguzi huchota korosho chache, akazikata moja moja, akatazama kiini. Jumamosi asubuhi nikaifunga kompyuta nzima kwa kanga, nikaipakata kwenye bodaboda hadi mjini.

Duka la kwanza, muuzaji hata hakuinuka, akanisukumia pawa saplai moja. "Hii inaingia zote, dada."

"Basi iingize hapa nione."

Haikuingia. Duka la pili hivyo hivyo. La tatu nilimkuta fundi mmoja wa makamo, akaitazama mashine yangu akacheka. "Hizi zina maringo, Mwalimu. Hazili chakula cha wenzao." Akafukua kwenye mashine zilizokufa, akatoa pawa saplai nyembamba. Nikahesabu matundu ya plagi, nikalinganisha sehemu za skrubu, nikasoma wati kwenye lebo: mia mbili na arobaini, sawasawa na ile iliyoungua. Nikaomba bisibisi, nikaifunga mwenyewe.

Feni ikazunguka. Mitihani ilikuwepo yote, na nililia pale pale mbele za watu.

Jumatatu mkuu aliingia darasani akawakuta wanafunzi wameinamia karatasi. Akaninong'oneza, "Fundi gani aliyeiweza?"

Najua chumba cha mtihani hakitaki kelele. Hata hivyo nilimjibu kwa sauti iliyofika dawati la mwisho, "Mimi hapa, Mkuu."