Saa Nilizipa Majina Mimi, Shemeji Akajiandika Mwenye Kazi

Admin, ficha jina langu na la mtaa wetu, huku watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Kitale na mume wangu na msichana wetu wa mwaka mmoja na nusu. Nimezaliwa hapa hapa Trans-Nzoia, nikaolewa na watu wa Bungoma. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kozi ya elektroniki kwa chuo cha ufundi, basi. Digrii sina. Nawaambia mapema kwa sababu hiyo digrii ndiyo natupiwa usoni.

Mwenye digrii ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yuko Bungoma, anatengeneza kifaa cha kupima unyevu wa mahindi yaliyo ghalani. Ndani yake kuna bodi ya kompyuta, na bodi mpya haifanyi kazi vizuri mpaka mtu aieleze kwa kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaoendesha mashine. Kerneli hiyo inatumika dunia nzima. Ukiandika maelezo unayatuma kwa barua pepe, wakaguzi wanayapitia mbele ya kila mtu, wakiridhika yanaingia. Chini unaweka jina lako, ni kama kiapo.

Kilichomshinda shemeji ni saa. Si saa ya ukutani. Ni mapigo ya umeme yanayoambia kila sehemu ya bodi iende kwa mwendo gani. Kila saa lazima ipewe jina na maelezo, na unaiita kwa kazi inayofanya pale inapofika, si kwa pale inapotoka. Yeye aliziita zote kwa chanzo. Ni kama mtu aite bomba la jikoni "tangi" na la bafu "tangi", ati kwa sababu maji yametoka tangi moja. Wakamrudishia mara mbili. Ndipo akanipigia, na kwao shemeji anaitwa mulamwa: "Mulamwa, hebu niangalilie hii kitu. Wewe una subira." Akanitumia kifaa kimoja pamoja na kitabu chake.

Subira! Mtoto alikuwa anaota magego. Wiki tatu nilifanya kazi nikiwa nimesimama, yeye mgongoni, kwa sababu nikikaa tu analia. Kitabu cha chipu ya hiyo bodi kinaziita saa mbili za kipimo, ile sehemu inayosoma unyevu, kwa jina moja, sasa utajuaje ipi ni ipi? Nikaamua kuzima moja moja. Nilipozima ya kwanza, kipimo kilikufa kabisa, ukikiita hakiitiki. Nikaiwasha, nikazima ya pili. Sasa kinaitika vizuri, lakini nikiweka mahindi makavu, nikiweka mabichi ya kutoka shamba, namba ni ile ile. Nikajua: moja ni ya kuongea na bodi, nyingine ni ya kupima. Nikaziita hivyo, nikaandika maelezo mistari minne. Nilimbusu mtoto mpaka akanisukuma.

Nilimpa shemeji atume kwa sababu barua zote za hiyo bodi zilikuwa zinatoka kwake. Nikamwambia wazi, "Uniandike mimi kama mwandishi, jina lako lifuate." Akasema, "Hiyo si shida, Mulamwa."

Juzi nimefungua zile barua nione kama wamekubali. Mwandishi ni yeye. Aliyeapa ni yeye. Mimi sipo, hata kwa shukrani. Na mistari yangu minne iko pale vile vile, hajagusa hata koma.

Nikampigia. "Kwani umekasirikia nini? Si ni jina la nyumba moja?"

"Nyumba ndiyo ilisimama wiki tatu na mtoto mgongoni?"

Akacheka. "Mulamwa bana! Hao watu wataamini mama wa nyumbani?"

Nikakata simu. Kesho yake, huyo huyo aliyenicheka ananitumia ujumbe. Mkaguzi amemuuliza alijuaje ipi ni ya kuongea na ipi ni ya kupima, wakati kitabu hakisemi. "Nisaidie na hilo swali tafadhali. Wanataka jibu wiki hii." Jamani! Aibu hana?

Kumbe ameshawaambia watu fulani wa Nairobi kwamba hiyo kazi ni yake, na ikikubaliwa wanamwajiri. Mama mkwe amenipigia kutoka nyumbani kwao Matulo, huko Bungoma: "Mwanangu, mwanamke hashindani na shemeji. Akipata kazi si atawakumbuka? Nyinyi watu wa Kitale mnapenda sana kuonekana." Huyu mama ndiye alinikanda nilipojifungua, nampenda, kwa hivyo nilimwambia nimesikia, nikaaga. Lakini nililia kwa hasira. Mume wangu naye, "Mjibie tu yaishe. Ingine utaandika lako."

Hataki kuelewa. Ikishaingia, jina la mwandishi linakaa kwa rekodi milele, hakuna kufuta. Hata mimi natafuta kazi, na watu wa kazi hizi hawaulizi cheti, wanaangalia ulichoandika. Hii ndiyo ingekuwa digrii yangu.

Nikimpa jibu, nimempa kazi yangu pamoja na ushahidi wake. Nikinyamaza, inakataliwa, na kile kifaa kinabaki bure. Nikijibu mimi mwenyewe mbele ya wote, nieleze nilivyozima moja moja, kila mtu atajua shemeji aliapa uongo. Kazi ya Nairobi itaenda, na kwa wakwe zangu sijui nitakanyaga vipi tena.

Hiyo barua ya kujibu nimeshaiandika, na jina langu lote liko chini. Bado sijaituma. Tafadhali msiniambie nivumilie, hiyo nimeambiwa na wawili tayari. Wewe ungekuwa mimi, ungebonyeza? Nishaurini leo, kabla wiki haijaisha.