Kaburi la Aliyepumzika

Mwaka uliotangulia Uhuru, mafuriko yalipoyasomba mahindi yetu, mke wangu alikuwa amelazwa wiki ya sita katika hospitali ya misheni kule Nangina, nami nilikuwa nimeacha kusali. Asubuhi moja niliwakuta wanaume wanne wakichimba nyuma ya nyumba yangu.

"Pole, Mwalimu," jirani yangu alisema bila kuweka jembe chini. "Mama amepumzika. Habari imetoka sokoni Matayos. Alikuwa mrefu kiasi gani?"

"Nani aliyemwona?"

"Mwalimu, hata kwa msiba unataka shahidi?"

Nilitaka. Nilipanda baiskeli, na njia nzima nilimwomba Mungu kwamba majirani zangu wawe wamekosea, kama ilivyo desturi yao. Nilimkuta mke wangu ameketi kitandani, akilalamikia uji usiotiwa sukari. Homa ilikuwa imeshuka jana yake, na muuguzi alikuwa amemjibu kwa uaminifu mtu mmoja wa Matayos aliyeulizia hali yake: mama amepumzika. Alimaanisha usingizi.

Nilipiga magoti papo hapo. Mke wangu aliniuliza nimeangusha nini.

Niliporudi nyumbani nikatangaza kwamba yu hai, jirani yangu alilitazama shimo kwa huzuni ya kweli. "Na kazi yote hii, Mwalimu?"

Tulipanda mgomba humo. Mke wangu alikula ndizi zake kwa miaka mingi, nami sikuacha kusali tena.