Kamba ya Pili Kwenye Boya la Manjano

Mtaa mzima ulimwita Mama Mvua, ingawa mvua ni kitu ambacho hakuwahi kuajiriwa kukishughulikia. Kazi yake ilikuwa bahari: upepo juu ya maji, urefu wa mawimbi, mikondo, na dhoruba zinazozaliwa mbali kwenye maji ya joto na kutuma salamu zake pwani siku kadhaa baadaye, wakati zenyewe zimeshajifia. Alikuwa amelieleza hilo kwa majirani, kwa kinyozi na kwa mwalimu wa mwanawe. Wote walimsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza, "Kwa hiyo leo naweza kuanika godoro?"

"Mimi ni wa baharini," angejibu.

"Sawa, mama. Lakini godoro?"

Basi naye alitazama juu kama mtu mwingine yeyote, akasema anika. Mvua ikinyesha, lawama zilikuwa zake.

Macho yake baharini yalikuwa boya moja la manjano, kubwa kama kibanda cha mlinzi, lililotiwa nanga mbali kiasi kwamba ufukweni huwezi kuliona. Lilipanda na kushuka na kila wimbi, likapima, likatuma vipimo kwenye skrini ya Mama Mvua, katika chumba cha ghorofani chenye feni inayolalamika na dirisha moja linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Setilaiti zilimpa picha ya bahari nzima. Boya lilimwambia pale, saa ile, maji yanafanya nini. Bila hilo angekuwa anabahatisha tu, kama mtaa ulivyoamini siku zote.

Kwa bahati mbaya samaki nao walilipenda. Kitu chochote kinachoelea pahali pamoja kwenye bahari ya joto huota mwani na kome kwa chini. Samaki wadogo huja kula, wakubwa huja kuwala wadogo, na wavuvi huja kwa ajili ya wote. Wakifika hufunga vyombo vyao kwenye boya, maana kutupa nanga katika kina kile ni shughuli, na boya tayari lina nanga ya serikali. Sasa boya lililofungwa boti haliinuki sawasawa. Ni kama kumpima mtoto kimo huku shangazi yake amemkandamiza kichwa. Mawimbi yanayomzidi mtu mzima urefu yanaripotiwa kama ya kulowesha magoti.

Fundi wa boya, mtu asiyependa kulowa ambaye maisha yalimtupa kwenye kazi ya kulowa, kila akienda kulisafisha alirudi na jipya la kuudhi. Vipande vya kamba. Ndoano. Mara moja suruali, imeanikwa kwenye antena. Ikaamuliwa yapakwe maandishi makubwa, USIFUNGE CHOMBO HAPA, na safari iliyofuata fundi akakuta kamba zote zimehamia upande wenye maandishi.

"Wanashukuru," aliripoti. "Wanasema zamani kila mtu alikuwa anafunga anapojua mwenyewe."

Aliyelaani utabiri kuliko binadamu wote alikuwa shemeji yake Mama Mvua, mdogo wa mumewe, mwenye boti ya injini na cheo cha Kapteni alichojitunuku. Kila Jumapili, nyumbani kwa mama mkwe, alianza kabla watu hawajanawa.

"Shemeji, juzi uliandika bahari shwari. Nimetapika mpaka maziwa niliyonyonya."

"Niliandika kilichopimwa."

"Basi aliyepima alikuwa amesinzia."

"Mwache mwenzio ale," mama mkwe aliingilia. "Kwani kosa ni lake? Wanamwambia aseme, anasema."

Utetezi huo ulimuuma Mama Mvua kuliko shutuma. Akageukia sahani, ambamo alilala samaki mnene kama mto wa kochi. "Hawa unawatoa wapi, Kapteni?"

"Siri ya kazi, shemeji. Na wewe una zako."

Alimla, na alikuwa mtamu, bila kujua kwamba anakula mali ya ofisi.

Ikaja Jumanne. Siku nzima ya Jumatatu boya lilikuwa limetuma viwimbi, na Mama Mvua akaandika utabiri unaofanana navyo: shwari. Sasa setilaiti zilionyesha mawimbi mapana, mazito, yaliyosukumwa na dhoruba ya mbali, na yalipaswa kuwa yameshafika. Boya likasema: magoti.

Alikwenda kwa mkuu wa kituo, mtu aliyeheshimu vyombo, hasa vile alivyovikatia utepe yeye mwenyewe.

"Boya liko majini," mkuu alisema. "Wewe uko kwenye kiti. Nani anajua?"

"Boya lina boti ubavuni."

"Umeiona?"

"Kwa dirisha lipi, mkuu?"

Akarudi mezani akatoa tahadhari bila kungoja baraka: vyombo vidogo visitoke, vilivyotoka virudi. Hajakaa vizuri, simu ikalia. Mama mkwe.

"Mwanangu, mwenzio ametoka tangu alfajiri. Wenzake wamerudi, wanasema maji yamechafuka, yeye bado. Nilimwambia angoje. Akasema, shemeji ameandika shwari."

 Sijui kwa nini ndiyo saa ile, Mama Mvua akamkumbuka yule samaki mnene. Akapiga simu. Iliita muda mrefu kabla ya kupokewa, na nyuma ya sauti maji yalikuwa yanapiga kofi kitu cha chuma.

"Shemeji! Ulisema shwari!"

"Uko wapi?"

"Baharini, nitakuwa wapi? Wimbi likija silioni jua! Injini imekunywa maji, imezima."

"Umefunga wapi?"

Chuma kikajibu kwa niaba yake: ngo.

"Kapteni. Umefunga wapi?"

"Kwenye hili lidude lenu la manjano," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sufuria. "Lakini kwa adabu, shemeji. Siyo upande wa maandishi."

"Na jana?"

"Na jana."

Kwa hiyo jana alilikandamiza boya, boya likadanganya, Mama Mvua akauandika uongo ule kwa lugha fasaha, Kapteni akausoma, akauamini, na leo amerudi kulikandamiza tena. Kwa hali kama hii alikuwa na maneno aliyoyaandaa miaka mingi. Yalikuwa maneno mazuri sana.

"Nifungue?" Kapteni aliuliza, sasa kwa sauti ndogo. "Najua hampendi."

Mlangoni, fundi wa boya, kikombe mkononi, alikuwa anasikia yote kwenye spika ya simu na kuitikia kwa kichwa kwa nguvu zote: afungue, atavunja mlingoti wa antena. Lakini boti isiyo na injini ikifunguliwa, mkondo ungeiburuta mpaka pasipojulikana, na boya ndicho kitu pekee katika bahari ile yote ambacho Mama Mvua alijua kilipo.

"Usifungue."

"Eti?"

"Usifungue! Una kamba nyingine?"

"Ninayo."

"Funga na hiyo. Pete ya chini, siyo mlingoti. Iachie urefu, isije ikakatika. Na uvae jaketi la kuokolea."

"Nimelikalia."

"Basi inuka, ulivae!"

Fundi aliweka kikombe chini akaketi taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Boti ya uokoaji iliondoka bandarini moja kwa moja kuelekea boya. Kwenye skrini bahari iliendelea kutulia; kamba ya pili ilikuwa imeituliza kabisa. Kisha mstari ukakatika, na boya halikusema tena lolote. Kama ni mlingoti uliovunjika au kila kitu, hakuna aliyejua. Mama mkwe alipiga, na Mama Mvua akamwambia ale kitu. Mkuu wa kituo alipita, akatazama skrini tupu, akapita tena.

Hatimaye waokoaji wakaita. Wamempata. Amelowa, anatapika, anauliza samaki wake watabebwa na nani.

Jumapili, Mama Mvua alikwenda kwa mama mkwe akitarajia kuombwa radhi. Alikuta sebule imejaa majirani na Kapteni amesimama.

"Nikamuuliza, nifungue? Akanikemea: thubutu! Funga na ya pili! Pete ya chini! Huyo ni mtaalamu, jamani, siyo mimi."

Watu wakapiga makofi. Mama mkwe, macho yamejaa machozi, akamwekea mkwewe kipande kikubwa kuliko vyote. Ungemwambia nini mama yule? Akala.

Boya lilikaa bubu muda mrefu, mpaka fundi alipoweka mlingoti mpya huku akisema maneno yasiyoandikika. Asubuhi ya kwanza, setilaiti zikionyesha bahari inachachamaa, boya likatuma vipimo vyake: shwari mno. Mama Mvua alivitazama kidogo, akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Palepale, shemeji. Kamba mbili, pete ya chini, jaketi nimevaa."

"Peke yako?"

"Peke yangu! Leo kuna foleni."

Alifumba macho. Feni ililalamika kwa niaba yake.

"Mawimbi yakoje?"

"Ya kifuani, yanapanda. Yanatoka kusini. Ngoja nimuulize na mwenzangu." Sauti ikapotea, ikarudi. "Anasema ya mabegani, ila yeye ni mfupi."

"Fungueni, mmoja mmoja, mrudi wote. Na msivunje kitu."

Akafuta vipimo vya boya, akaandika: kifuani, yanapanda, kutoka kusini. Chanzo cha habari hakukitaja.