Upindo wa Koti

Yule mama mshonaji wa kichochoroni Milano huongea na pini mdomoni, na wateja wameshazoea kumwelewa hivyo hivyo. Wanamletea nguo za zamani za wabunifu wakubwa azirekebishe zifuate mtindo wa msimu, ila yeye hakati kitambaa. Ziada yote huikunjia ndani. Ortensia alimpelekea koti la marehemu mama yake, rangi ya damu ya mzee, akitaka lishuke karibu na vifundo vya miguu kama makoti yanavyovaliwa sasa. Mshonaji akaanza kufumua upindo, kisha vidole vikasimama.

“Mshono wangu huu,” alisema. “Makoti mafupi yalipotamba, mama yako alitaka nikate. Tuligombana hapa, mbishi yule.”

Kitambaa kikashuka. Kile cha ndani kilikuwa kimekoza kama kipya, cha juu kimepauka, na pale palipokunjwa pamebaki mstari. Ortensia akauliza kama mstari ule utatoka.

Mshonaji akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo Ortensia hakuwahi kuliona.

“Mkunjo nitautoa kwa siki, mwanangu. Ila huko juu kulikopauka ni jua alilotembea nalo mama yako.”

Ortensia akaupapasa ule mstari kutoka upande mmoja wa koti hadi wa pili.

“Basi hata siki usitie, mama.”