Skafu ya chui aliyokuwa amefunga marehemu mke wangu niliiuza kwa kwaya ya Bunda bila kujua

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, sijawahi kuanzisha uzi. Elimu yangu ni darasa la saba, kazi yangu useremala, naishi Kitaji hapa Musoma. Nitaandika jinsi ilivyotokea, hata sehemu zinazoniaibisha mimi mwenyewe. Mkiona nimekosea mahali nisahihisheni, lakini sijaongeza kitu.

Mke wangu alifariki miezi michache iliyopita. Alikuwa anauza skafu.

Kwa wanaume wenzangu ambao hawajui, ngoja nieleze kidogo, maana na mimi nilikuwaga sijui. Nilidhani skafu ni kitambaa tu cha kichwa.

Siku hizi zinazotamba ni zile za satini, pana, za mraba, zimechapwa michoro mikubwa. Kuna za minyororo ya dhahabu, za chui, za maua makubwa kama sahani. Wengine wanapiga kilemba na kuacha fundo mbele, wengine wanafunga shingoni, wengine nimeona wamezungushia mpini wa mkoba. Na zinabadilika haraka. Mzigo ukichelewa wiki tatu unakuta wateja wameshahamia mchoro mwingine.

Mke wangu alikuwa na utaratibu wake. Kila mchoro mpya ukiingia, alichomoa skafu moja kwenye furushi akaifunga mwenyewe kichwani, ndipo anakwenda kwenye meza yake sokoni. Alisema mteja hanunui kitambaa kilichokunjwa, ananunua anavyoona imemkaa mtu.

Siku aliyoanguka pale mezani alikuwa amefunga ya chui, yenye minyororo pembeni.

Alifariki siku hiyohiyo, na hospitali walinikabidhi vitu vyake kwenye mfuko. Gauni, viatu, simu, na ile skafu.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Baada ya mazishi ndugu walipotawanyika, nilikuwa siwezi kukaa bila kushika kitu. Nikafua vile vilivyokuwa kwenye mfuko. Gauni nikalitundika. Skafu nikaipiga pasi vizuri, nikaikunja pande nne kama zilivyokunjwa nyingine, nikaiweka kwenye begi la biashara. Kichwani kwangu skafu zote mahali pake ni kwenye begi.

Wala sikuwaza mara mbili.

Baada ya kama mwezi simu ya marehemu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya moja ya kina mama kule Bunda, nitamwita Mama Kulwa. Akanipa pole ya msiba, halafu akaniambia kwa upole kwamba marehemu alikuwa na oda yao. Skafu za chui kumi na nne, za kuvaa sare. Siku hizi kwaya nyingi zimeacha vitambaa vya rangi moja, wanataka mchoro.

Nikafungua begi. Nikahesabu za chui. Zilikuwa kumi na nne kamili.

Wakuu, nilifurahi. Niliona kama mke wangu ameacha kazi yake imekamilika, mimi kazi yangu ni kupeleka tu. Nikapeleka mwenyewe Bunda, wakanilipa, wakanishukuru, nikarudi.

Zikapita wiki mbili. Akanipigia dada mkubwa wa marehemu, yuko kwao Mwitongo, Butiama. Nitamwita dada Nyangeta. Akanitajia siku ya kumaliza msiba.

"Shemeji, uje na nguo zake zote. Usiache hata leso. Ile aliyokuwa ameivaa kichwani ndiyo ya kwanza, nitaipokea mimi. Haijavaliwa na mtu, sivyo?"

Nikasema, "Haijavaliwa."

Niliamini hivyo nilipokuwa nasema; sikuwa nimeunganisha ile niliyoifua na zile za Bunda.

Niwaeleze wasiojua, maana kila ukoo una namna yake. Kwa upande wa mke wangu, nguo za marehemu zinarudi kwao kugawanywa kwa dada zake na watoto wa dada zake. Kilichokuwa mwilini siku ile ya mwisho, dada mkubwa anakipokea kwanza, anakivaa mbele ya watu, ndipo nyingine zinafunguliwa. Kabla ya hapo mtu mwingine hatakiwi kukivaa. Akikivaa, wanaamini amejibebesha msiba usio wake. Mimi ni mtu wa kanisani na sikuwa nimeyatilia maanani sana hayo. Lakini kusema huamini ni rahisi kabla hayajakupata.

Jioni ile nikamwambia binti yangu atoe vitu vya mama yake tuvipange. Yuko kidato cha nne, mambo ya mitindo anayajua kama mama yake.

Akapanga kila kitu kitandani. Halafu akauliza, "Baba, ile ya chui ya mama iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye begi.

Akaenda, akarudi. "Kwenye begi hakuna chui hata mmoja."

Nikamwambia za chui nilizipeleka Bunda, zilikuwa kumi na nne.

Akanitazama. Akachukua simu ya mama yake, akatafuta, akaniwekea meseji ya sauti ambayo marehemu alimtumia Mama Kulwa siku mbili kabla hajaanguka. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu siku ile. Alikuwa anacheka. Anasema, mama yangu nimepata kumi na tatu, hiyo moja naifuatilia Mwanza, usiwe na wasiwasi.

Kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa yake.

Nikakaa juu ya zile nguo zake.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nilikuwa nawaza dada Nyangeta atasema nini mbele ya ukoo, na nimeshamwambia haijavaliwa. Nikawaza pia huyo mama wa kwaya, yupo mahali anaosha vyombo, hajui kitu, na kichwani amefunga skafu ya mtu aliyekufa. Je, akiugua? Hata kama ni malaria tu, mimi nitajisikiaje?

Na kila nilikopita niliziona. Benki, mwaloni kwa wauza samaki, kwenye foleni ya maji kule Kigera nilikokwenda kufunga mlango wa mteja. Chui, chui, chui. Mteja wangu akaniuliza, "Fundi, unamwangalia nini mke wangu kichwani?" Nikaomba radhi.

Kuna jambo moja lazima niliseme. Nilikwenda sokoni nikaikuta skafu ileile kabisa kwenye meza ya mama mwingine. Mchoro ni uleule, na kitambaa hakina tofauti. Nikaishika. Nikawaza, nikiinunua hii nikaikunja nikampelekea shemeji, nani atajua?

Nilisimama pale mpaka yule mama akaniuliza kama ni ya zawadi. Nikairudisha, nikaondoka. Sikuwa mwema sana. Niliogopa tu kumwona shemeji ameifunga na analia, huku mimi peke yangu najua anachokililia nilikinunua juzi sokoni.

Nikampigia Mama Kulwa nikamuuliza lini wana mazoezi. Akasema Alhamisi saa kumi. Sikumweleza kwenye simu.

Nilifika Bunda nikawakuta kwenye mabenchi nje ya kanisa. Na kwa bahati mbaya yangu walikuwa wamezivaa, walikuwa wanapiga picha ya kuweka status. Vichwa kumi na vinne vya chui.

Mmoja akasema, "Baba, umekuja kuona zilivyotukaa?"

Mwingine, "Mkalisheni mbele, ndiye mwenye chui wake."

Wakacheka, na mimi nikajaribu kucheka.

Halafu nikasimama nikawaambia ukweli. Sikujua namna ya kuuzungusha. Nikasema, mama zangu, nimekosa. Moja kati ya skafu hizi alikuwa ameifunga mke wangu siku aliyofariki. Niliifua nikaichanganya na mpya. Sijui ni ya nani kati yenu.

Niliona mikono tu inapanda vichwani.

Ndani ya dakika moja zilikuwa zimevuliwa zote, zimewekwa kwenye benchi, na wao wamesogea upande wa pili. Mama mmoja alikuwa amefumua nywele nusu kichwa, akajifunika kwa kitabu cha nyimbo.

Mmoja akasema, "Mimi nilijua. Tangu niivae hii kichwa kinaniuma."

Jirani yake akamjibu, "Wewe kichwa kinakuuma tangu mwaka jana, usimsingizie marehemu."

Hapo wakacheka kidogo, na mimi nikapata pumzi.

Mama Kulwa akaniambia, "Haya baba. Chukua ya mke wako."

Nikasogea kwenye benchi. Nikaishika moja baada ya nyingine. Nilinusa kutafuta mafuta yake ya nywele, lakini nilikuwa nimeifua vizuri mno. Nilitafuta matundu ya pini, zote zilikuwa na matundu kwa sababu na wao wanabana kwa pini. Niligeuza pindo. Nilizipitia mara ya pili, kisha ya tatu.

Sikuijua.

Mama Kulwa alikuwa amesimama karibu. Akaniuliza taratibu, si kwa ubaya, "Baba, huyu mama ulikuwa unamwangalia kweli?"

Wakuu, tumekaa kwenye ndoa miaka kumi na nane. Asubuhi ile kabla hajatoka aliniuliza, "Imekaaje?" Nikamjibu, "Imekaa vizuri," huku nanoa msumeno.

Nikainama, nikaanza kuzikunja zile skafu.

Nilikuwa nimekwenda na zile za maua zilizobaki kwenye begi la biashara, nikawaambia wachukue hizo, na za chui nitaondoka nazo zote. Nilitegemea lawama. Mama Kulwa akazikunjua, akaziangalia, akasema, "Lete hizi hizi. Chui wenyewe wameshapita, sasa hivi ni maua." Wenzake wakakubali. Yule wa kichwa kuuma akaomba kwanza waziombee, wakaziombea.

Nikarudi Musoma na skafu kumi na nne kwenye mfuko wa nailoni, nimeupakata njia nzima.

Siku ikafika. Tulikwenda Mwitongo, mimi na binti yangu. Ukoo ulikuwa umeshakaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti. Chakula kinapikwa nyuma. Nilimwomba dada Nyangeta tuongee pembeni, akakataa.

"Shemeji, ya pembeni yataongelewa baadaye. Leta kwanza."

Ikabidi niseme palepale. Nikaeleza yote, begi, kwaya, meseji ya sauti. Nikasema, dada, nilikuambia haijavaliwa, kumbe imevaliwa. Sikukudanganya kwa kujua, lakini nilikudanganya. Na katika hizi kumi na nne sijui yake ni ipi.

Nikazipanga mkekani.

Mjomba mmoja wa marehemu akaguna, akasema, "Seremala huyu, mbao anazitambua kwa majina, skafu ya mke wake haijui." Watu wawili watatu wakatazama chini. Binti yangu alinishika mkono wa shati.

Dada Nyangeta akasogea mkekani. Akazitazama pale zilipo. Akainama, akachukua moja ya katikati, akasema, "Ni hii."

Hakuikunjua. Hakuigeuza pindo wala kuinusa. Akaifunga kichwani, fundo mbele kama alivyofungaga mdogo wake, na wanawake wakaanza kulia, na nguo nyingine zikafunguliwa. Mambo yakaenda kama yanavyotakiwa kwenda.

Mimi nilikaa na kijiko mkononi, chakula hakishuki. Kila nikimwona amepita na ile skafu, narudisha kijiko kwenye sahani. Mwisho nikamfuata alipokuwa anapakua.

Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Sina hakika kama ndiyo hiyo."

Akaendelea kupakua. Akasema bila kunitazama, "Hata mimi sina, shemeji. Nilikuwa Butiama, yeye alikuwa Musoma, niijulie wapi? Keti ule."

Nikaketi. Nikala.

Hayo ndiyo yaliyonipata.

Nilichojifunza, kwa wale wenye wake wafanyabiashara: jueni vitu vyao vipi ni vya biashara na vipi ni vyao wenyewe. Na akikuuliza imekaaje, weka msumeno chini uangalie. Msiba ukitokea, usifue wala kukunja kitu kabla hujawauliza wanawake wa pande zote mbili.

Sasa nina swali, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Zile kumi na tatu dada Nyangeta alinirudishia, akasema ni mali ya biashara. Ziko kabatini. Binti yangu anasema tuziuze kabla watu hawajazisahau kabisa za chui. Mimi siwezi kumuuzia mtu bila kumwambia, kwa sababu huenda ya marehemu bado iko humo. Na nikimwambia, hakuna atakayenunua. Kuzichoma siwezi.

Wenye busara, na hasa kina mama mnaojua mambo haya, ungekuwa wewe ungefanyaje? Na kwenu nguo za marehemu mnafanyaje? Nasoma kila jibu, hata la kunisema.